Seva ya Kiritiri iko kimya? Hapo ndipo uanze kushuku

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kama unatunza seva iliyo Kiritiri na wewe unaishi Nairobi, iandike methali hiyo ukutani.

Tuseme sacco ya wakulima wa muguka imekupa kazi. Seva iko chumba cha nyuma, ina diski mbili kwa mtindo wa RAID 1: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa pia kwenye ya pili. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Karani anaingiza akiba za wanachama kama kawaida, na hakuna anayeshtuka.

Hiyo ndiyo shida, bana. RAID inaficha msiba. Diski ya kwanza inaweza kufa Februari, wewe ukajua Juni, siku ile ya pili inapoifuata. Hapo utawaambia nini wazee waliopanga foleni kuulizia pesa zao?

Kiritiri nayo ina changamoto zake. Mabwawa ya Kamburu, Gitaru na Kiambere, yanayozalishia nchi umeme, hayako mbali, lakini stima bado inapotea. Kwa hivyo UPS si anasa. Isitoshe, diski zako huenda zilinunuliwa siku moja, zimezeeka pamoja. Ukiweka mpya, ile iliyobaki husomwa yote kwa saa nyingi ili kuijaza mwenzake. Kama ilikuwa imechoka, hapo ndipo hukata roho.

Sasa ufanyeje? Kama seva ni ya Linux na RAID yake ni ya programu, ingia kwa SSH uandike cat /proc/mdstat. Ukiona [UU], diski zote mbili ziko kazini. Ukiona [U_], moja imeenda. Ikiwa seva ina kadi ya RAID, tumia programu ya kadi hiyo, maana mdstat haitakuambia kitu.

Kisha andika smartctl -a na jina la diski. Angalia nambari 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu. Zikianza kupanda, agiza diski nyingine mapema. Lakini usizitegemee peke yake. Mwaka 2007, watafiti wa Google walichunguza diski zaidi ya 100,000 wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote kati ya nne kuu za SMART.

Si lazima ukeshe ukichungulia. Washa smartd na mdadm --monitor zikutumie barua pepe kukiwa na hitilafu. Zijaribu kwanza kwa mdadm --monitor --scan --test --oneshot; ujumbe usipofika leo, hata siku ya msiba hautafika.

Halafu fanya jambo ambalo wengi husahau: iagize seva ikutumie ujumbe kila asubuhi kusema iko sawa. Intaneti ikikatika, au programu ya kuonya ikizima, hakuna onyo litakalokuja. Ni kukosa salamu ya asubuhi kutakakokuamsha.

Kabla hujaondoka Kiritiri, bandika lebo yenye nambari ya mfululizo (serial number) ya kila diski mahali inapoonekana. Siku ya kubadilisha utakuwa kwa simu ukimwelekeza karani, na ukimwambia tu "toa ile ya kushoto," anaweza kuchomoa nzima na kuacha maiti ndani.

Na RAID si nakala ya akiba. Mtu akifuta faili, inafutika kwenye diski zote papo hapo. Weka nakala kwingine, Embu mjini au mtandaoni, na ujaribu kuirejesha.

Kazi hii haihitaji digrii. Mimi mwenyewe sikumaliza chuo. Inahitaji mtu anayeuliza kila asubuhi: salamu imefika? Yako imefika leo?