Biashara Yako Inakua, au Ni Bei Tu Inayopanda?



Ukurasa huu ni kwa ajili yako wewe mwenye biashara ndogo: unayeuza unga, ndagala, mafuta ya mawese, sabuni au vitenge, unayeshona nguo, unayenyoa, unayechaji simu za watu. Kambi ya Gasorwe, huko Muyinga, ilifunguliwa mwaka 2002, na tangu wakati huo familia nyingi zimejifunza kwamba mgao peke yake hautoshi. Biashara ndogo ndiyo inayolipa daftari la mtoto na dawa ya mgonjwa. Kwa hiyo biashara hiyo ikifa, nyumba nzima inaumia.

Wafanyabiashara wengi hujiuliza maswali manne. Je, nikuze biashara? Je, nichukue msaidizi? Nitapataje wateja? Je, ninunue mashine au nipokee pesa kwa simu? Kabla ya kujibu hata swali moja, ni lazima ujue jambo hili: biashara yako inakua kweli, au ni bei tu inayopanda?

1. PESA NYINGI MKONONI SIYO DALILI YA KUKUA

Tuchukue mfano wa mama anayeuza unga wa muhogo. Anaingia sokoni na faranga 100,000. Bei ya jumla ni faranga 2,000 kwa kilo, kwa hiyo anapata kilo 50. Anauza kila kilo kwa faranga 2,400 na anapata faranga 120,000. Anatoa 10,000 kwa mahitaji ya nyumbani. Zinabaki 110,000. Anafurahi, maana mtaji umeongezeka.

Anarudi sokoni. Unga sasa ni faranga 2,500 kwa kilo. Kwa faranga 110,000 anapata kilo 44 tu. Pesa zimeongezeka, lakini unga umepungua kilo 6. Mama huyu amepata hasara huku akidhani anapata faida. Akiendelea hivyo kwa miezi michache, siku moja atakuta meza tupu na hatajua nani amemwibia.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mwanzoni mwa Mei 2023 Benki ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga. Dola moja, iliyokuwa karibu faranga 2,100 katika benki, ilifika zaidi ya faranga 2,800. Bidhaa nyingi zinazouzwa Muyinga zinatoka nje ya nchi kupitia mpaka wa Kobero, upande wa Tanzania. Faranga ikishuka, bidhaa hizo hupanda hata kama muuzaji wa duka hana tamaa. Ukosefu wa petroli na mazuti, uliozidi sana mwaka 2024, nao uliongeza gharama ya usafiri. Wazee waliotoka Kivu hawashangai: mwaka 1993 walibadilishiwa zaire milioni 3 kwa zaire mpya 1.

Kwa hiyo fanya hivi:

- Hesabu biashara yako kwa kilo, lita au vipande, siyo kwa faranga tu. Andika kila mwanzo wa mwezi: "Mtaji wangu unaweza kununua kilo ngapi leo?"
- Kabla ya kupanga bei ya kuuza, uliza bei ya kununua tena. Mama wa mfano wetu alihitaji faranga 125,000 ili arudishe kilo zake 50. Alibaki na 110,000.
- Tenganisha pesa za mtaji na pesa za nyumba. Tumia mifuko miwili au vikopo viwili. Jipangie kiasi cha kuchukua kila wiki kwa ajili ya nyumba, na usizidishe.
- Andika gharama za safari. Ukilipa faranga 20,000 kwa usafiri wa kilo 50, kila kilo imeongezeka faranga 400.

Neno moja kuhusu safari. Barabara ya Muyinga kwenda Gitega kupitia Karuzi huwavuta wengi kutafuta bidhaa. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na soko lake ni kubwa. Muyinga nayo ilikuwa mkoa peke yake hadi 2025, na sasa imo ndani ya Mkoa wa Buhumuza. Kabla ya kuondoka kambini, chukua ruhusa ya kutoka kwa msimamizi wa kambi, na ubebe kitambulisho chako cha mkimbizi. Ukikamatwa njiani bila karatasi, faida ya mwezi mzima inaweza kupotea kwa siku moja.

2. AKIBA NA MKOPO: TUMIENI KIKUNDI

Waliotoka Kongo wanajua likilimba: kila mmoja anachanga, na zamu kwa zamu mmoja anachukua zote. Ni mchango mzuri, lakini mwenye zamu ya mwisho husubiri sana, na akipokea pesa zake bei zimekwisha kupanda.

Kuna njia nyingine. Ilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na hapa Burundi wengi wanaijua kwa jina la Nawe Nuze. Watu 15 hadi 25 wanaoaminiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia 1 hadi 5. Pesa huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na mwenye kutunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mwanachama hukopa kiasi kisichozidi mara tatu ya akiba yake, na hurudisha pamoja na riba ndogo. Baada ya miezi 9 hadi 12 wote hugawana.

Kumbukeni mambo mawili. Kwanza, msilaze pesa nyingi ndani ya sanduku. Mwezi wa Juni 2023 BRB iliondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 na kutoa siku 10 tu za kuzibadilisha. Aliyeficha noti zake chini ya godoro alilazimika kukimbilia benki. Pesa iliyokopeshwa kwa mwanachama anayefanya kazi ni salama kuliko pesa iliyolala.

Pili, pangeni siku ya kugawana vizuri. Mkigawana Juni au Julai, wakati wa mavuno ya maharage, mnaweza kununua magunia kwa bei nafuu na kuyauza bei ikipanda. Maharage yakitunzwa vizuri hayashuki thamani kama noti.

Kopa kwa ajili ya bidhaa inayouzika kabla ya siku ya kulipa. Usikope mtaji kwa ajili ya sherehe.

3. JE, NICHUKUE MSAIDIZI?

Mtu huchukua msaidizi kwa sababu amechoka, au kwa sababu ndugu amemwomba. Sababu hizo zinaeleweka, lakini hazilipi mshahara. Hesabu kazi unazozikataa.

Tuseme wewe ni fundi cherehani. Kila nguo inakuachia faranga 3,000 baada ya kutoa uzi na gharama nyingine. Kila wiki unawarudisha wateja 4 kwa kukosa nafasi. Msaidizi anataka faranga 10,000 kwa wiki. Nguo hizo 4 zitaleta faranga 12,000. Utamlipa na kubaki na 2,000. Lakini kama unawarudisha wateja 2 tu, zitaingia 6,000, na kila wiki utatoa 4,000 mfukoni mwako.

Angalia pia majira. Kabla ya shule kufunguliwa Septemba, sare hushonwa kwa wingi. Unaweza kuchukua msaidizi wa wiki sita, mkapatana tangu mwanzo siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

Andikeni mapatano mbele ya shahidi: kazi gani, malipo kiasi gani, lini yatalipwa, nani atalipa kitambaa kikiharibika. Hata akiwa mtoto wa shangazi yako, andikeni. Karatasi hulinda undugu. Wala usichukue mtoto na kumtoa shuleni. Kwa kawaida sheria ya kazi ya Burundi inataka mfanyakazi awe na miaka 16 au zaidi.

4. WATEJA WANATOKA WAPI?

Kambini sote tunapata pesa siku moja na tunaishiwa siku moja. Ukitegemea wakaaji wa kambi peke yao, mgao ukipunguzwa, biashara yako nayo inapungua. Kwa hiyo tafuta wateja wa vijiji vya jirani. Wao hupata pesa wakati tofauti, hasa baada ya kuuza kahawa yao, kati ya Aprili na miezi ya kiangazi.

- Jua Kirundi cha sokoni: salamu ya "Mwaramutse", jibu la "Ni angahe?", na hesabu za pesa. Mteja anayesalimiwa kwa lugha yake husimama.
- Tumia kipimo kimoja kila siku. Kopo lililobonyezwa chini hukuletea faida leo na kumfukuza mteja kesho.
- Kukopesha kuwe na mpaka. Andika jina, kiasi na siku. Asiyelipa deni la kwanza asipewe la pili. Sema hivyo kwa upole mbele ya wote, ili mtu asione ameonewa.
- Kama wauzaji kumi wanauza nyanya mstari mmoja, uliza wateja wanakosa nini.

5. SIMU NA MASHINE

Lumicash na Ecocash zimewasaidia wengi kulipa na kulipwa bila kubeba noti njiani. Lakini wezi nao wamejifunza. Mtu anakuonyesha ujumbe kwamba amekutumia pesa, nawe unampa bidhaa. Ujumbe unaweza kuwa wa uongo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, ndipo utoe bidhaa. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayesema anatoka ofisi ya simu. Na makato ya kutoa pesa uyahesabu kama gharama nyingine.

Kuhusu mashine, jiulize: inakula nini? Kinu cha mazuti husimama mazuti yakikosekana. Bwawa la Rusumo, lenye megawati 80 za kugawana kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, limeongeza umeme nchini, lakini uliza kama waya umefika kwenye kibanda chako. Cherehani ya miguu haisubiri umeme. Sahani ya jua yenye betri nzuri hulipa gharama yake ikiwa simu za kuchaji ni nyingi kila siku. Kabla ya kununua mashine yoyote, uliza kama vipuri na fundi wake wanapatikana Muyinga. Kama vipuri vinapatikana Bujumbura tu, mashine itakaa kimya wiki nyingi.

FANYA HIVI KUANZIA KESHO

Chukua daftari. Kwa siku 14 andika kila usiku mambo matatu: nimenunua nini na kwa bei gani, nimeuza nini, nimetoa nini kwa ajili ya nyumba. Siku ya 15 uliza bei ya jumla sokoni, kisha hesabu: mtaji wangu unanunua kilo ngapi leo, na siku ya kwanza ulinunua ngapi?

Kama kilo zimeongezeka, sasa unaweza kufikiria msaidizi au mashine. Kama zimepungua, rekebisha bei na matumizi kwanza, kabla ya kukopa.

Tafadhali msomee ukurasa huu jirani asiyejua kusoma, kisha mfanye hesabu hiyo pamoja.