Huruma kwa Njiwa Yataka Ujuzi

Si jambo geni vijijini mwetu kumwona mtoto amembeba njiwa pori aliyevunjwa bawa kwa manati, au tetere aliyenaswa kwa ulimbo. Akimpeleka kwa bwana mifugo, yamkini atachekwa na kuambiwa amtie chunguni. Sisi hatuafiki kicheko hicho. Lakini hatuna budi kusema pia kwamba njiwa huweza kufa mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa.

Tazama kinda. Kifaranga wa kuku hudonoa mapema mara baada ya kutotolewa, bali kinda wa njiwa huzaliwa kipofu, na siku zake za mwanzo hulishwa kitu kimoja tu: maziwa mazito yatokayo katika gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni mwa wazazi wake. Baba na mama wote huyatoa. Basi mkate na maziwa ya ng'ombe havimfai. Kwanza apate joto, kwani aliyepoa hawezi kumeng'enya chochote. Aliyekwisha kuota manyoya hutiwa mdomoni choroko zilizolowekwa, moja moja, na asiongezwe mpaka gole liwe tupu. Ninga ni mbali. Huyo ni mla matunda.

Kadhalika, si kila kinda aliye chini ni yatima. Wazazi huenda wako mtini wakingoja watu waondoke. Arudishwe kiotani, maneno ya kwamba mama humkataa kwa harufu ya mkono wa mtu hayana msingi.

Maji yasimiminwe kinywani. Tundu la pumzi la ndege limo nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo huenda mapafuni. Njiwa hunywa kwa kuzamisha mdomo na kufyonza, kwa hiyo awekewe kikombe.

Bawa lililovunjika hukunjwa kama lilivyo kwa kawaida na kufungwa ubavuni kwa kitambaa laini. Kifua kisibanwe hata kidogo, kwa sababu ndege hupumua kwa kukipanua, na kukibana ni kumnyonga. Mfupa huunga upesi, kiasi cha wiki 3, lakini ukiunga upande hataruka tena. Ulimbo hulainishwa kwa mafuta ya kupikia, wala si mafuta ya taa, ambayo huunguza ngozi. Aliyeumwa na paka apelekwe kwa daktari siku ile ile ijapokuwa jeraha ni dogo, maana mate ya paka yana vijidudu viuavyo.

Hapa ndipo bwana mifugo anapotakiwa aache kucheka. Njiwa aliyepinda shingo na kutetemeka huenda ana mdondo, ugonjwa usio na tiba ambao waweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Ndege wa namna hiyo asiingizwe bandani, na kuku wapewe chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi 3. Mwenye utando wa manjano kinywani ana ugonjwa mwingine, nao unatibika ukiwahiwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Ile ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mwenye kufuga wa porini. Kwa hiyo njiwa aliyepona, akiweza kuruka toka sakafuni hadi darini bila kuyumba, afunguliwe asubuhi, pale pale alipookotwa.