Mabingwa wa Maneno Jukwaani

Nyuma ya kila opera na kila mchezo wa kuimba kuna libreto, yaani maandishi ya yote yatakayoimbwa na kusemwa jukwaani. Aliyeyaandika hutajwa mwisho, ikiwa atatajwa. Leo yeye ndiye anayevikwa medali.

1. Kongwe kuliko zote: Dafne
Mshairi Ottavio Rinuccini aliandika maneno, Jacopo Peri akatunga muziki, na opera ikaimbwa Florence, Italia, mwaka 1598. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, inaizidi kwa miaka mitano tu! Muziki wake karibu wote umepotea, maneno yangalipo.

2. Iliyogombewa zaidi: Artaserse
Huyu ndiye bingwa wangu. Pietro Metastasio aliandika libreto hii, na mwaka 1730 Leonardo Vinci akaitia muziki Roma. Mwezi huohuo, Johann Adolf Hasse akaizindua Venice kwa muziki wake mwenyewe. Wengine wakafuata, mpaka waliotunga muziki kwa hadithi hiyo moja wakapita 80. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16. Watunzi hao wanatosha kuipa kila timu makocha watano. Metastasio alikuwa mshairi wa ikulu ya Vienna tangu 1730 hadi alipofariki 1782, na hakuna aliyemfikia kwa kutafutwa na watunzi.

3. Iliyochukua njia ndefu: Der Ring des Nibelungen
Richard Wagner alijiandikia maneno mwenyewe, tena kinyumenyume: mwaka 1848 alianza na hadithi ya mwisho kati ya nne, kisha akarudi nyuma mpaka ya kwanza. Mwaka 1853 alichapisha nakala 50 kwa ajili ya marafiki, lakini muziki ulikamilika 1874. Kuisikiliza yote ni jioni nne, takribani saa 15. Kwa muda huo treni ya Madaraka Express ingekupeleka Mombasa kutoka Nairobi, ikakurudisha na kukupeleka tena. Hata hivyo taji la urefu ni la Karlheinz Stockhausen: Licht, opera saba, saa 29!

4. Fupi: The Sands of Time
Maneno ya Simon Rees, muziki wa Peter Reynolds, Cardiff, 1993. Dakika 4 na sekunde 9. Mume na mke wanagombana huku yai likichemka, na yai likiiva opera imekwisha.

5. Yenye kasi: Hamilton
Lin-Manuel Miranda alimwaga maneno zaidi ya 20,000 katika onyesho lisilofika saa mbili na nusu: wastani wa maneno 144 kwa dakika. Katika wimbo wa Guns and Ships, mhusika Lafayette anatema maneno 19 kwa sekunde tatu. Mtangazaji wa mpira redioni, hata mpira ukiwa ndani ya kumi na nane, angekata pumzi.

6. Iliyodumu sehemu moja: The Fantasticks
Maneno ni ya Tom Jones, ukumbi ulikuwa mdogo huko New York, viti 153. Ilipoanza Mei 1960, Tanganyika haikuwa imepata uhuru. Ilipofungwa Januari 2002, Nyerere na Mwinyi walikuwa wameshapita Ikulu na Mkapa ndiye aliyekuwa rais. Maonyesho 17,162! Kama viti vilijaa kila mara, watazamaji wake wangeujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, zaidi ya mara 43.

7. Iliyovuta umati: The Lion King
Roger Allers na Irene Mecchi ndio walioandika mazungumzo yake. Tangu ifike Broadway mwaka 1997, imetazamwa na watu zaidi ya milioni 100 duniani. Chukua Wakenya wote wa sensa ya 2019, milioni 47.6, ongeza Waganda wote wa sensa ya 2024, milioni 45.9: bado hawafiki! Na umati wote huo umeondoka ukiwataja Simba, Rafiki na Pumbaa kwa Kiswahili.