Moto wa jikoni unahitaji njia mbili

WAHENGA walisema penye moshi pana moto. Hapa Nyakalengija, chini ya Milima ya Rwenzori, nimejifunza kwamba upo pia moto usiotoa moshi, na huo unatakiwa kuogopwa zaidi.

Kwa asiyepafahamu, Nyakalengija unaifikia ukiiacha barabara ya Kasese kwenda Fort Portal na kupanda kupitia Ibanda. Ndipo wapandaji mlima wanapoanzia safari ya kwenda kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Wageni hulipa fedha nyingi kwenda kuiona theluji. Sisi wenyeji baridi yake hutufuata vitandani, hasa majira ya mvua.

Nilirudi hapa nikiwa mtu mzima. Wazazi wangu walikimbia machafuko ya miaka ya 1980, nami nikasomea Kenya, katika nyanda za juu ambako mwezi wa Julai mwanafunzi huandika akiwa amevaa koti. Kama warejeaji wengi, nilirudi na ramani ya nyumba kichwani: matofali, mabati, dari, madirisha ya vioo na mlango wa chuma. Nyumba ya marehemu bibi, ya udongo na nyasi, ambayo moshi ulipenya kila upande wa paa, niliionea aibu.

Usiku mmoja wa mvua tuliingiza jiko la makaa chumbani ili watoto wapate joto. Makaa yalikuwa yamekolea, mekundu, bila hata uzi wa moshi. Tukafunga madirisha, tukalala. Baadaye mtoto mmoja akalia kwamba kichwa kinamuuma, mwingine akatapika. Mke wangu akadhani ni malaria. Nikainuka kutafuta dawa, miguu ikakataa kunibeba. Mama yangu, aliyelala chumba cha pili, alisikia vurugu, akaja akafungua mlango na madirisha yote, kisha akalitoa jiko nje mvuani.

"Mwanangu," aliniambia kulipokucha, "nyumba yako ni nzuri, lakini haipumui."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu mimi ni mwalimu. Mara ngapi nimewaonyesha wanafunzi jaribio la mshumaa uliofunikwa kwa glasi!

Gesi isiyoonekana

Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa, hushikamana na chembe za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mtu anapumua lakini mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Ndiyo maana wengi huidhania malaria. Ukiona watu wa chumba kimoja wanaugua kwa pamoja, na moto umo ndani, watoe nje mara moja, kisha uwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Aliyekwisha lala huenda asiamke kujiokoa.

Moshi wenyewe nao unaua, ila polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Hewa iingie, moshi utoke

Ndugu zetu walioko Canada na Marekani hupasha nyumba joto kwa tanuru la gesi. Matanuru mengi ya kisasa yana mabomba mawili yanayopita ukutani. Moja huvuta hewa safi kutoka nje, la pili hutoa hewa chafu. Fundi huhakikisha kuwa midomo ya mabomba hayo haizibwi na theluji, na kwamba hewa chafu haitoki karibu na dirisha. Kwetu hakuna tanuru, lakini kanuni ni ile ile.

Mfano mzuri tunao hapa Uganda. Katika miaka ya 2000 Wizara ya Nishati, ikisaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ, ilieneza jiko la udongo liitwalo Rocket Lorena. Hujengwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Vipande vya mgomba hupangwa mahali zitakapopita kuni, moto na moshi, kisha udongo hushindiliwa kuvizunguka. Udongo ukishikana, vipande huondolewa na njia zinabaki.

Njia ya kwanza ni ya hewa. Ndani ya mdomo wa kuni wekeni rafu ndogo ya bati au kigae. Kuni zikae juu yake, hewa ipite chini. Kosa letu kubwa ni kuzijaza kuni mpaka mdomo wote unaziba, halafu tunalilaumu jiko kuwa linafuka.

Njia ya pili ni dohani. Isimame wima na iwe na kona chache, kwa kuwa kila kona hupunguza mvuto wa moshi. Kichwa chake kizidi kwa angalau sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, la sivyo upepo unaoshuka mlimani utaurudisha moshi jikoni. Juu yake wekeni kofia ya bati kuzuia mvua. Kama ni bomba la chuma tupu, likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao au nyasi. Masizi nayo yafagiliwe mara kwa mara.

Jiko la makaa lisilo na dohani halifai chumba cha kulala kabisa, hata makaa yakiwa mekundu namna gani. Na anayepikia gesi ya mtungi naye aache dirisha wazi.

Wafanyabiashara wa Bwera, Mpondwe na ng'ambo ya pili Kasindi, neno hili ni lenu pia. Mnalala vyumba vya kupanga mkilinda mizigo, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Wengine huficha jenereta nyuma ya kaunta. Moshi wa jenereta una gesi hiyo hiyo, na kuacha mlango wazi hakutoshi. Iwekeni nje, mbali na madirisha, muifunge kwa mnyororo. Bidhaa zikiibwa zitanunuliwa nyingine.

Mimi nilijenga jiko la nje, lenye jiko la udongo na dohani yake. Fundi aliacha matundu chini ya paa pande zote mbili, na chumbani kwa watoto akatoboa ukuta na kuweka matofali yenye matundu. Kazi hiyo ilinigharimu kidogo kuliko vile vioo nilivyojivunia. Warejeaji wenzangu mnaojenga sasa, kabla ya kumlipa fundi mwulizeni hewa itaingilia wapi na moshi utatokea wapi.

Siku ya kwanza ya kuwasha, mama alisimama uani akitazama moshi unavyotoka juu ya dohani. Hakusifu wala hakukosoa. Aliingia ndani, akavuta kigoda, akaanza kumenya matoke.