Fahamu: Je, nchi zinazopiga kura hazipigani?

Mwaka 1795 Immanuel Kant aliandika kwamba raia wakiulizwa watasita kuingia vitani, maana gharama ni yao. Mmarekani Michael Doyle alilifufua wazo hilo mwaka 1983: demokrasia hupigana na wengine, ila zenyewe kwa zenyewe ni nadra.

Chukua Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo. Ulipoanguka Oktoba 1996, katika uasi ulioanza na wapiganaji wa Banyamulenge wakisaidiwa na Rwanda, Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alikuwa madarakani tangu 1965, na watawala wa Kigali walikuwa wameshika nchi kwa bunduki mwaka 1994. Hakuna upande uliokuwa demokrasia, hivyo nadharia haikuguswa.

Desemba 2025 ni ngumu zaidi. Siku chache baada ya Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda kutia saini makubaliano ya amani Washington, waasi wa M23 waliingia Uvira. Watu wakakimbilia Burundi kupitia mpaka wa Kavimvira. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia M23, Kigali inakanusha. Marais wote wawili walipigiwa kura, kweli, lakini Kagame alipata asilimia 99 mwaka 2024, na mtu wa asilimia 99 hana mpigakura wa kumwogopa.

Tena, watafiti wengi huhesabu vita vya dola kwa dola vilivyoua watu 1,000 au zaidi mapiganoni. Anayepigana kwa mkono wa waasi haingii hata kwenye daftari lao.