Konokono Mpya Hupewaje Jina? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia msituni Usambara, pale majani makavu na udongo wa juu huchekechwa, vikaanikwa, kisha vikapekuliwa kidogo kidogo chini ya hadubini. Konokono wengi wanaopatikana hivyo hawafiki sentimita moja; wapo wa milimita mbili tu. Tuseme umepata mmoja usiyemtambua. Je, ni spishi mpya?

Tuchukue jenasi ya Gulella, konokono walao nyama ambao huwinda hata konokono wenzao. Magamba yao, yenye umbo la pipa, hufanana mno hadi utazame mdomo wa gamba. Humo mna "meno", yaani vinundu vya chokaa vilivyoota kwenye ukingo wa tundu la gamba. Hayatafuni kitu, meno ya kulia chakula yako kwenye ulimi. Lakini idadi yake, mahali yalipo, na kama jino moja limegawanyika pacha, ndivyo vitambulisho vya spishi. Mtego ni kwamba kwa kawaida meno hayo hukamilika konokono akishakomaa. Asiye na jino huenda ni mtoto tu wa spishi iliyojulikana zamani.

Kwa hiyo gamba moja halitoshi. Mtaalamu hupima mengi kadiri ayapatavyo: urefu, upana, idadi ya mizunguko, mistari ya juu ya gamba, kitovu kilicho wazi au kilichozibwa. Anachotafuta ni pengo. Kama kati ya aina mbili kuna magamba ya katikati yanayoziunganisha, hoja yake imekufa.

Kisha hubaki swali gumu kuliko yote, ambalo wasomaji wa habari za "ugunduzi" hawaelezwi: je, hakuna aliyekwisha kumpa jina? Mwaka 1897 Eduard von Martens wa Berlin alichapisha kitabu kizima juu ya konokono na kombe wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada yake akaja Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Afrika Mashariki na baadaye Kew, Uingereza, ambaye pembeni ya kazi yake aliandika mno juu ya konokono wetu. Vielelezo vingi vya zamani vimo katika makumbusho ya Ulaya. Konokono wa Tanga huweza kulazimika kulinganishwa na gamba lililoko Berlin; naliona hilo kuwa kikwazo kikubwa kwa mtafiti kijana wa hapa kuliko ukosefu wa hadubini.

Akipita hapo, sheria za kimataifa za majina ya wanyama humtaka achapishe maelezo na kuteua holotaipu, kielelezo kimoja kitakachobeba jina hilo daima. Majina huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758, na spishi ikipewa majina mawili, kwa kawaida la kwanza ndilo hushinda. Mabano yanayozunguka jina la aliyeipa spishi jina nayo yana maana: konokono mkubwa aharibuye bustani zetu huandikwa Lissachatina fulica (Bowdich, 1822), kwa kuwa Bowdich, aliyempa jina hilo, alimweka katika jenasi nyingine.

Hayo yote huweza kufanyika kwa gamba tupu. Spishi kadhaa zina jina, holotaipu na picha, lakini nyama yake haijapata kupasuliwa. Juma lijalo tutaingia ndani ya gamba, tuanze na ule ulimi wenye meno.