Kujiamini hakuji kabla ya mazoezi

Oktoba 12, 2022, Serengeti Girls walichezea kichapo cha mabao 4-0 kutoka kwa Japan. Ulikuwa mchezo wao wa kwanza wa Kombe la Dunia kwa wasichana chini ya miaka 17, kule India. Kwa umri ule, kipigo cha namna hiyo kingetosha kuwakatisha tamaa. Wapi! Siku tatu baadaye mabinti walewale wakaichapa Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, kisha wakatinga robo fainali, walikotolewa na Colombia.

Ujasiri ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na mazoezi: kuanguka, kunyanyuka, kukosea pasi na kuirudia.

Hapo ndipo wazazi na walimu wengi wanapokosea. Wanasubiri kijana ajiamini kwanza ndipo acheze, kumbe mambo ni kinyume. Akiwa na miaka 13 au 14 mwili unabadilika, chunusi zinatoka, sauti inakwaruza. Binti anaogopa kuchekwa akivaa bukta, na siku za hedhi ndiyo kabisa, anajificha darasani. Akikaa pembeni muhula mzima, anaamini kweli kwamba hawezi.

Hali si ndogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kijana apate walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho, na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana.

UMISSETA inaibua vipaji, lakini timu ya shule huchukua wachache. Wanaobaki wasiishie kupiga makofi. Rede, kuruka kamba, netiboli na mbio za kupokezana vijiti havihitaji uwanja wa kifahari.

Mwalimu aache mtindo wa manahodha kuchaguana wachezaji, maana yuleyule ndiye hubaki wa mwisho kila siku. Apange timu mwenyewe. Kijana apimwe kwa alivyokuwa wiki iliyopita, si kwa nyota wa darasa. Aliyeruka kamba mara 10 jana akifikisha 15 leo, huyo kashinda. Na mtu akishajiona anaweza kitu kimoja, hata mkono wa kujibu swali darasani huwa mwepesi kunyanyuka.